HTTG au HTTB? Herufi moja iliyotaka kukupeleka Tabora

SWALI: Kapteni, shikamoo. Mimi ni binti wa Chumbageni, Tanga, na mwaka huu nimeanza kusomea urubani. Wiki iliyopita mkufunzi alinipa zoezi la kupanga safari ya Dar es Salaam kwenda Tanga kwa Cessna 172. Nikaingiza herufi kwenye kishikwambi, mstari ukajichora, nikapeleka kazi. Mkufunzi akaitazama, akacheka mpaka akavua miwani, akaniuliza: "Tanga yenu imehamia lini Unyamwezini?" Kumbe niliandika HTTB badala ya HTTG. Tangu siku hiyo ndiyo nazidi kuchanganya. Tiketi inasema TGT, mpango wa safari unasema HTTG, na bikoni za redio nazo zina herufi zake mbili au tatu. Halafu mkufunzi anasisitiza nisikilize mlio wa bikoni kabla ya kuifuata, ilhali GPS ipo na inanionyesha kila kitu. Nyie mliorusha ndege miaka mingi mnafanyaje msichanganye? Na huo mlio bado una kazi?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kuanza. Mkufunzi amecheka kwa sababu naye yalimkuta. Hakuna rubani ambaye hayajamkuta, wapo tu wasiosema.

Tuanze na hilo kosa lenyewe, maana lina sababu zake. Katika zile herufi nne, mbili za mwanzo si za mji. H ni kanda yetu ya anga, T ni Tanzania. Ndiyo maana Kenya ni HK, Uganda ni HU, Rwanda ni HR. Mji unabakiwa na herufi mbili tu za kujitambulisha. Tanga ikapata TG, Tabora ikapata TB. Sasa itazame kibodi yako: G na B zimepakana, kidole kikiteleza kidogo tu kuelekea chini umeshatoka pwani umefika Unyamwezini. Zitamke kwa Kiingereza redioni, kuna upepo na injini inanguruma: "ji" na "bi" ni mapacha.

Kuna mtego mwingine ambao nadhani hukuugundua. Tanga na Tabora ziko karibu kabisa kwenye mstari mmoja wa latitudo, zote nyuzi 5 na dakika chache kusini ya ikweta. Mtu akikagua kwa haraka, akasoma namba ya kwanza ya kituo na kuridhika, ataona sawasawa. Tofauti iko kwenye namba ya pili: Tanga ni nyuzi 39 mashariki, Tabora ni 32 na ushei. Nyuzi hizo sita na kitu ni karibu kilomita 690 za ardhi.

Lakini kishikwambi chako kilikuwa kinapiga kelele, hukukisikia tu. Dar mpaka Tanga ni karibu maili 107 za baharini, na uelekeo ni kaskazini, ukiegemea magharibi kidogo sana. Dar mpaka Tabora ni karibu maili 400, na uelekeo ni magharibi, ukiegemea kaskazini. Cessna 172 inakufikisha nyumbani kwa takriban saa moja. Kishikwambi lazima kilikuandikia zaidi ya saa tatu na nusu. Binti wa Chumbageni aliyekwenda Dar na kurudi mara ngapi sijui, ukiambiwa ndege inatumia saa tatu na nusu kufika Tanga ungepaswa kushtuka kabla ya mkufunzi. Basi tu la asubuhi likikimbia vizuri litakukaribia!

Hapo ndipo liliko jibu langu lote, na mengine nitakayosema ni matawi yake: usimuulize mashine jambo ambalo wewe mwenyewe huna hata makisio ya jibu lake. Kabla hujagusa kibodi, tazama chati, pima kwa jicho au kwa rula, andika pembeni kwa penseli: maili mia na kidogo, kaskazini, bahari mkono wa kulia. Kisha ingiza herufi. Mashine ikikubaliana na penseli, endelea. Wakigombana, simama. Nimeona vijana wengi wanafanya kinyume chake: wanaingiza kwanza, kisha wanaangalia chati ili waone kama mashine imesema kweli, na jicho la binadamu ukishaliambia jibu huliona hata pale lisipokuwepo.

Sasa hizo koo tatu za herufi.

Ukoo wa kwanza ni wa tiketi: TGT, DAR, ZNZ, PMA. Hizi ni herufi tatu za mashirika ya ndege, zimetengenezwa kwa ajili ya abiria na mizigo. Kazi yake ni kuhakikisha begi lako halishuki Mwanza. Hata huko zinaleta balaa: wako wanandoa Wamarekani waliokuwa wakienda Dakar, wakajikuta Dhaka, kwa sababu mji mmoja ni DKR na mwingine ni DAC na mtu wa tiketi hakutofautisha. Herufi hizi mara nyingine hazifanani hata na jina la mahali. Kilimanjaro ni JRO. Ukitaka kujua imetoka wapi, tazama mwisho wa jina.

Ukoo wa pili ni wa mpango wa safari na waongozaji wa ndege: HTTG, HTDA, HTZA, HTPE, HTKJ. Huu ndio wako. Herufi nne, na mbili za mwanzo zinakwambia uko nchi gani, au angalau jirani na nani. Ni ukoo wenye adabu zaidi, lakini nao una familia zenye kufanana mno. Ya kwetu ni ya miji ya M. Mafia ni HTMA, Moshi ni HTMS, Mtwara ni HTMT, Mwanza ni HTMW. Herufi tatu za mwanzo ni zile zile, na moja tu ya mwisho ndiyo inayoamua kama unaishia kwenye minazi au ziwani. Ukivuka mpaka, Mombasa ni HKMO na Malindi ni HKML. Nairobi ina mtego wake: mtu anayekisia kwamba uwanja mkubwa lazima uanze na HKN atapata HKNW, ambao ni Wilson. Jomo Kenyatta ni HKJK. Zamani ulikuwa HKNA, na ukikuta karatasi ya zamani kwenye droo la ofisi bado utaisoma hivyo.

Na jina lenyewe la mji usilitegemee. Sisi watu wa Tanga tukisema Pemba tunajua tunasema Pemba gani, ile ng'ambo ya pili ya maji. Kompyuta haijui. Msumbiji nayo ina Pemba yake yenye kiwanja cha ndege, FQPB, na kwenye tiketi inaitwa POL kwa sababu mji ule wakati wa Wareno uliitwa Porto Amélia. Ukitafuta kwa jina "Pemba" utaletewa orodha, na ya kwanza kwenye orodha si lazima iwe ya karafuu.

Ukoo wa tatu ni wa bikoni, yaani vituo vya redio vinavyoielekeza ndege: VOR, NDB na wenzake. Huu ndio unaowachanganya wanafunzi kuliko yote, kwa sababu bikoni nyingi zimepewa jina la mji ambao pia una kiwanja. Mtu anadhani bikoni na kiwanja ni kitu kimoja. Mara nyingine zimekaa pamoja ndani ya uzio mmoja. Mara nyingine bikoni imewekwa kilimani au kwenye shamba maili kadhaa kutoka kiwanjani, kwa kuwa pale ndipo mawimbi yanaposafiri vizuri. Ukiifuata sindano ya kifaa chako, inayoelekea bikoni, kwa uaminifu wote, utafika juu ya bikoni, utatazama chini utafute njia ya kurukia, na utakuta ng'ombe.

Mfano wa nje unaoupendeza moyo wangu ni LON. Mwambie mkata tiketi LON, ataelewa London nzima na viwanja vyake vyote, Heathrow, Gatwick na ndugu zao. Mwambie rubani LON, ataelewa VOR moja. Herufi tatu, mji mzima kwa mmoja, nguzo moja ya redio kwa mwingine.

Pia hesabu yenyewe hairuhusu kila bikoni duniani iwe na jina lake peke yake. Herufi mbili za alfabeti ya Kilatini zinakupa michanganyiko 676 tu. Tatu zinakupa 17,576. Kwa hiyo kanuni ya kimataifa haikatazi majina kurudiwa. Inasema tu bikoni mbili zisitumie kitambulisho kimoja zikiwa ndani ya maili 600 za baharini, yaani kama kilomita 1,100. Nje ya hapo, ruksa. Kanuni hiyo ilitungwa wakati rubani anasikia tu kile kilicho karibu naye. Bikoni yenye jina lile lile iliyoko Brazili haikuwahi kumsumbua mtu wa Tanga, maana mawimbi ya VOR yanakwenda kadiri ya upeo wa macho: ukiwa futi 5,000 unaipata mpaka maili 85 hivi, na Usambara ikiwa katikati yako nayo hata hizo hupati. Ila kompyuta imebeba dunia nzima tumboni. Kwake bikoni ya Brazili na ya jirani ziko umbali mmoja: kubofya mara moja.

Nikueleze kisa cha Cali, kila mwanafunzi anapaswa kukijua. Usiku wa tarehe 20 Desemba 1995, Boeing 757 ya American Airlines ilitoka Miami kwenda Cali, Colombia, mji ulio ndani ya bonde refu lenye milima pande zote mbili. Walichelewa. Waliposogea, mwongozaji akawapa nafasi ya kutua moja kwa moja kutoka kaskazini badala ya kuzunguka, wakaikubali. Sasa kila kitu kikawa cha haraka: kushusha ndege, kutafuta chati mpya, kubadilisha njia kwenye kompyuta. Kwenye chati ile kulikuwa na bikoni iitwayo Rozo, karibu na kiwanja, na kitambulisho chake kilichoandikwa ni R. Wakaandika R kwenye kompyuta. Kompyuta ikaleta orodha ya bikoni zenye R, wakachagua ya juu kabisa.

Ya juu kabisa haikuwa Rozo. Ilikuwa Romeo, iliyoko upande wa Bogotá, karibu maili 130 kutoka pale. Nazo zilikuwa na herufi ile ile na masafa yale yale. Rozo ndani ya kompyuta haikuhifadhiwa kwa R hata kidogo. Ilitakiwa uandike jina zima, ROZO. Chati na kompyuta zilikuwa zinazungumza lugha mbili, na hakuna aliyewaambia marubani. Ndege ikageuka kushoto, mashariki, kimya kimya gizani, huku ikiendelea kushuka. Ilichukua kama dakika moja wao kugundua kwamba mambo yamekwenda kombo. Wakageuza kurudi kulia, lakini sasa mlima ulikuwa kati yao na bonde. Kifaa cha kuonya ardhi kikalia sekunde chache tu kabla. Watu 159 walikufa kati ya 163.

Watu wakisimulia kisa hiki husema "waliandika herufi moja vibaya". Si kweli, mwanangu. Waliandika herufi ile ile iliyochapwa kwenye chati. Kilichokosekana ni ule muda mfupi wa kutazama skrini na kuuliza: hii R iko upande gani wa ndege, na iko umbali gani? Mstari mweupe ulikuwa umeshageuka kushoto, unaonekana. Walikuwa na haraka, na haraka ile haikuwa na sababu yoyote kubwa kuliko kuchelewa.

Kwa hiyo kama kuna wakati mmoja wa kuwa na hofu ya herufi, ni pale unapopewa njia mpya ukiwa karibu na mwisho. Mpango uliouandika jana mezani, ukanywa na chai, mara nyingi uko salama. Hatari iko kwenye ile "nenda moja kwa moja mpaka kituo fulani" unayopewa angani. Ukipewa, endelea na uelekeo ulio nao, andika herufi, soma umbali na uelekeo ambao kompyuta inapendekeza, linganisha na kichwa chako, na ukiwa na mwenzako msomee kwa sauti asikie naye. Hapo ndipo ubonyeze. Kama hukubaliani nayo, mwambie mwongozaji akupe uelekeo wa dira. Hilo si aibu, ndiyo kazi yake.

Sasa mlio.

Uliuliza kama bado una kazi. Nikwambie yaliyonikuta nikiwa rubani msaidizi, kijana, nimevaa kofia kubwa kuliko kichwa. Tulikuwa tunatoka Pemba kuja bara, masika imekaza, mawingu yamelala juu ya bahari kama godoro. Kapteni wangu alikuwa mzee mmoja mkimya. Akaniambia niweke NDB. Nikaweka masafa, sindano ikazunguka kidogo, ikatulia, ikaelekea mbele kushoto. Nikajiona fundi. Mzee akauliza, "Umemsikia?" Nikasema sindano imetulia. Akauliza tena, "Umemsikia?" Nikapandisha sauti kwenye spika za masikio. Badala ya Morse, ile milio mifupi na mirefu inayotaja jina la bikoni, taarabu. Mpiga zeze anakata, mama anaimba juu ya mwenzie aliyemwibia mume. Nilikuwa nimekosea tarakimu moja, nimenasa kituo cha redio cha masafa ya kati, na sindano ile, kwa utiifu kabisa, ilikuwa inatupeleka kwenye antena yao. Mzee akasikiliza mpaka ubeti ukaisha. Kisha akasema, "Basi leo tunakwenda harusini," akarekebisha masafa mwenyewe, na hakunisemesha tena mpaka tumetua.

Kifaa cha NDB hakina akili ya kubagua. Kinasoma masafa yale yale wanayotumia watangazaji, na kitaelekea popote penye nguvu. Ngurumo za radi juu ya Usambara zinaweza kuivuta sindano. Ukivuka ukingo wa pwani, mawimbi yanapinda kidogo yanapotoka nchi kavu kuingia majini, nayo sindano inakudanganya nyuzi kadhaa. Hili sisi wa pwani hatulikwepi. Usiku linazidi. Na kubwa kuliko yote: NDB ikizimika, hakuna bendera nyekundu inayotokea kwenye kioo. Sindano inabaki pale pale kama mlinzi aliyelala amesimama. Kitu pekee kinachokwambia yu hai ni sauti. Ndiyo maana ukiifuata NDB kutua, unaacha mlio usikike chini chini muda wote, siyo unausikiliza mara moja ukauzima.

VOR ina nidhamu zaidi, inayo bendera ya kukuonya. Hata hivyo bendera inakwambia tu kwamba ishara ipo. Haikwambii ni ya nani. Jina lake linasikika kwa Morse walau mara moja kila nusu dakika. Huna haja ya kukariri alfabeti yote, maana chati imechapa nukta na mistari pembeni ya kila kitambulisho. Unaweka chati gotini, unasikiliza, unafuata kwa kidole. G ni taa-taa-ti. B ni taa-ti-ti-ti. D, taa-ti-ti, ndiyo inayochanganywa na B na watu wenye haraka, kama vile U na V. Ukisikia taa-ti-ti-ti-ti-taa, yaani herufi T, E, S, T, mafundi wako kazini na hiyo ishara usiiguse hata kama sindano inapendeza. Ukisikia kimya, vivyo hivyo.

Wengine watakuambia mambo haya ni ya makumbusho. Kweli, nchi nyingi zinapunguza VOR na NDB, na mimi mwenyewe naipenda GPS kama unavyoipenda wewe. Ingekuwepo zama zangu ningekuwa na mvi chache. Ila ishara za GPS zinatoka mbali sana na zinafika zikiwa dhaifu sana, na maeneo yenye vita zinazibwa au kughushiwa makusudi, ndege za abiria zikajikuta kwenye ramani ziko mahali ambapo hazipo. Siku hiyo ikikufika, utarudi kwenye bikoni, na hutakuwa na muda wa kujifunza kusikiliza. Tena kuna jambo jingine. Kusikiliza mlio ni kumuuliza mtu jina lake kwa mdomo wake. GPS inakusomea jina lililoandikwa kwenye daftari lake, na daftari hilo hupitwa na wakati: takwimu za anga duniani hubadilishwa kwa mzunguko wa siku 28. Tazama tarehe yake kila unapowasha kifaa, kama unavyotazama tarehe ya maziwa.

Daftari lile lile ndilo lililojaa majina pacha. Kifaa chako kikikuonyesha orodha ya vituo vyenye jina moja, usibonyeze cha juu kwa mazoea. Soma nchi. Soma umbali. Na ukiingiza herufi tatu za tiketi mahali ambapo kifaa kinategemea kituo cha anga, kinaweza kukuletea bikoni au alama yoyote duniani yenye herufi hizo, bila kuona haya. TGT iache kwenye tiketi.

Redioni, tamka herufi kwa majina yake ya kimataifa, yale yanayotumika tangu 1956: Hotel Tango Tango Golf. Golf na Bravo haziwezi kuchanganywa hata na kiziwi, ndiyo sababu yalitungwa. Ila sisi tuna shida yetu ya kipekee, sijui kama umewahi kuiona: redio ikikwaruza, "Tango" na "Tanga" ni kitu kimoja. Mwongozaji anasikia nusu ya neno, hajui kama unataja herufi au unataja mji, na rafiki yangu mmoja alikuwa akidai kuna tafsiri ya tatu, ya kachumbari. Dawa yake ni kutaja mahali kwa ukamilifu, "kiwanja cha Tanga", na kitambulisho cha ndege polepole.

Niongeze kisa cha hapa hapa kwetu, ili usije ukadhani herufi zikiwa sawa umemaliza. Tarehe 18 Desemba 2013, Boeing 767 ya shirika la ndege la Ethiopia ilitakiwa kutua Kilimanjaro, HTKJ. Ikatua Arusha, HTAR. Njia ya kurukia ya Kilimanjaro ina mita 3,600. Ya Arusha wakati huo ilikuwa na kama 1,600, imejengwa kwa ajili ya ndege ndogo za watalii. Walisimama, wakaishia kwenye majani wakigeuza, na hakuna aliyekufa. Viwanja hivi viwili havifanani kwa herufi hata kidogo, lakini njia zote mbili zimelala mashariki na magharibi, na zote zina namba 09 upande mmoja na 27 upande mwingine. Macho yakiona njia yenye uelekeo unaoutarajia, moyo unasema tumefika. Kwa hiyo ukiingia kiwanja usichokizoea, acha bikoni au GPS ikuhesabie umbali mpaka mwisho hata kama unaona lami kwa macho. Ikiwa lami iko chini ya pua na kifaa kinasema bado maili 25, lami hiyo si yako.

Kwa Tanga una bahati, pwani inakusaidia kuliko herufi yoyote. Ukiruka kutoka Dar, bahari ibaki mkono wako wa kulia. Utaiona Bagamoyo, utavuka mdomo wa Wami, utapita Saadani, kisha mto Pangani unaomwaga maji ya kahawia baharini. Kushoto, mbele, Usambara itaanza kujitokeza kama hakuna ukungu. Kama baada ya nusu saa chini yako ni vichaka vikavu na jua la jioni liko usoni, umeingiza HTTB.

Mrudishie mkufunzi zoezi lake Jumatatu. Safari hii mwekee kwanza karatasi ya penseli, chati chini yake, kishikwambi juu. Akikuuliza tena Tanga imehamia lini, mwambie haijahama, ila ungependa kujua yeye siku ya kwanza alikwenda wapi. Atavua miwani tena, na nadhani atakusimulia.